Mkia wa Kongoni kwa Mama Limi

"Sasa huyu mama anasubiri nini?"

Mganga wa zahanati ya Didia aliniuliza hivyo akiwa bado anakunja kipimo chake cha presha. Aliniuliza mimi, siyo mgonjwa, kwa sababu alikwishaambiwa kwamba nimetoka Chuo Kikuu na aliona ni haki yake kupata jibu la kisomi. Sikuwa nalo. Nilikuwa na shahada, kalamu mbili na daftari, na nilikuwa nangoja barua ya kupangiwa kazi. 

Nyinyi mliolala nami bweni moja mmekuwa mkiulizana kwa nini nilichelewa kuripoti kazini mwaka ule. Nasikia kuna anayesema nilikwenda kuchimba dhahabu, na mwingine anasema nilitoroshwa na mwindaji. Dhahabu sikuiona. Wawindaji niliwaona, na wengi wao hawakutaka kuniona. Ilikuwa hivi.

Didia

Mama Mdogo, mke wa mdogo wake baba, alikuwa na mimba ya miezi minane. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kandambili zimegoma kuingia. Kichwa kilimuuma tangu Ijumaa, na alisema anaona nzi weusi wakipita mbele ya macho, ilhali nyumba haikuwa na nzi. Mganga alisema alazwe hospitali ya Shinyanga kabla ya wiki kwisha, na hakusema kwa utani. Malori ya pamba yalikuwa yakipita kwenda huko kila siku. Ni safari ya saa moja, ukikosea sana moja na nusu.

Mama Mdogo alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani taratibu na kuketi kwenye kigoda kando ya moto.

"Siwezi kwenda, Kabula," aliniambia. "Baba Limi yuko porini."

Kulikuwa kiangazi, msimu wa uwindaji umefunguliwa. Baba Mdogo alikuwa amekata leseni ya kongoni mmoja na swala wawili, akachukua gobore aliloachiwa na baba yake, akaenda upande wa Ushirombo kwa rafiki zake Wasumbwa ambao huwinda nao kila mwaka. Kwa wawindaji hawa, wa kwetu na wa kwao, mwindaji akishatoka na bunduki, mkewe halali nje ya nyumba yake, na moto ambao mume amewasha siku ya kuondoka hauzimwi. Huendelea hivyo mpaka mume arudi, au mpaka mke aletewe mkia wa mnyama wa kwanza aliyeangushwa na mumewe. Mkia ukifika mlangoni, mke yuko huru kwenda anakotaka. Akivunja kabla ya hapo, mnyama humgeukia mume.

"Nani alisema?" niliuliza.

"Watu wote."

"Nani alithibitisha?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza mvua hutoka wapi wakati wewe unaanua nguo. "Unamkumbuka mke wa Nkwabi?"

Nilimkumbuka. Alikwenda harusi ya dada yake akalala siku mbili, na mumewe akachomwa na nyati. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Watu waliacha tu kumsalimia, mpaka akahama mwenyewe.

Nilijaribu kila njia. Nilisema nitalala mimi mle ndani na moto nitauchochea mimi. Akauliza, "Wewe ni mke wake?" Nilisema nyati hajui nani kalala wapi. Akasema hata yeye hadhani kwamba nyati anajua. Hapo nikakasirika zaidi, kwa sababu mtu asiyeamini kabisa na bado hasogei ni mgumu kuliko anayeamini.

"Basi nitamfuata Baba Mdogo," nilisema. "Nimlete yeye au nilete huo mkia."

"Utampata wapi?"

"Porini ni wapi?"

"Upande wa Ushirombo," alisema, kama mtu anayeelekeza duka la pili kushoto.

Nilimwacha na Limi, bintiye mkubwa, nikamwagiza amwekee miguu juu ya gunia la mchele. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Didia hadi Kahama

Malori yanayokwenda Shinyanga yalipita saba nikiwa nimesimama barabarani. Niliyahesabu kwa uchungu, maana kila moja lingeweza kumbeba Mama Mdogo. La kwenda upande wangu lilipita saa tisa alasiri ya Jumanne, limebeba mabati na jenereta, na dereva wake aliitwa Saidi, mtu wa Tabora, mcheshi, asiye na haraka na jambo lolote duniani.

Alisimama kununua mkaa, akasimama tena kununua jogoo, na baadaye akasimama kumsalimia mama mmoja kwa muda mrefu kiasi kwamba utingo alijilaza chini ya lori akalala usingizi. Tulipofika Tinde akasema dizeli imekwisha. Miaka ile dizeli ilikuwa ikipatikana kwa kibali na kwa kujuana, na Saidi hakuwa na kibali. Alikuwa anajuana na mtu, lakini mtu huyo alikuwa msibani.

"Ungeniambia tangu Didia kwamba huna mafuta," nilisema.

"Ningekuambia, dada, ungepanda?"

"Nisingepanda."

"Sasa unaona."

Tulikaa Tinde mpaka Jumatano asubuhi. Mama mwenye kibanda cha chai alinihurumia akanipa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa juani, na karanga za kutafunia. Ukiwa na njaa ni chakula kizuri sana. Ukiwa na hasira ni kizuri zaidi, kwa sababu kinataka kutafunwa kwa nguvu.

Njiani Saidi aliniuliza safari yangu, nikamweleza. Alicheka mpaka akakosa gia.

"Unamfuata mwindaji porini? Na ukimkuta ana mke wa porini?"

"Nitamwambia mke wa nyumbani anaumwa."

"Na akikwambia ngoja nipate mnyama kwanza?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nilitoa daftari nikaandika: *Akikataa?* Nilikuwa na tabia hiyo ya kuandika kila kitu, mnaikumbuka. Kumbukeni pia kwamba ndiyo iliyonichelewesha siku nzima, kama mtakavyoona.

Kahama hadi Ushirombo

Basi la Ushirombo liliondoka lilipojaa, na lilihesabiwa kuwa limejaa pale ambapo kondakta mwenyewe alikosa pa kuweka mguu. Nilikaa kati ya mzee mwenye mbuzi na mwanamke mwenye cherehani. Kuanzia hapo miti ilianza kusongamana pande zote mbili za barabara, na nikaona ndio wakati wa kuanza uchunguzi. Nilifungua daftari.

"Mzee, shikamoo. Wawindaji wa huku huweka kambi wapi?"

"Marahaba. Wawindaji gani?"

"Wenye magobore. Wanaowinda kongoni."

Mzee alivuta kamba ya mbuzi wake karibu. "Huku hakuna kongoni," alisema.

Nilimuuliza mwanamke mwenye cherehani. Alisema yeye ni mgeni, ingawa kila tuliposimama watu walimwita kwa jina. Nilimuuliza kondakta, akasema wawindaji waliacha kuwinda. Lini? Zamani. Kwa nini? Wanyama walikwisha. Wakati anasema hivyo, swala wawili walikatiza barabara mbele yetu, basi zima likawaona, na hakuna aliyesema neno.

Niliandika yote. Niliuliza majina, nikauliza vijiji, nikauliza nyama kavu huuzwa siku gani. Kadiri nilivyouliza ndivyo basi lilivyozidi kunyamaza, na mimi, kwa akili yangu ya chuo, nikahitimisha kwamba watu wa huku ni wakimya.

Ushirombo nilifikia kwa katekista mmoja aliyeitwa Petro, kwa sababu kondakta alisema ndiye anayepokea wageni wa serikali. Hayo maneno "wa serikali" niliyasikia, lakini sikuyafuatilia. Ni mara moja tu katika safari nzima nilipoacha kufuatilia neno, na ndipo nilipokosea. Mkewe alinipa maji ya kuoga, akanipa ugali na kisamvu. Nyumba nzima ilikuwa inanukia nyama iliyokaushwa kwa moshi, harufu ya kukutoa mate, na mezani palikuwa na kisamvu.

"Sisi hapa nyama ya pori hatuijui," Petro alisema kabla sijauliza chochote.

"Sikuuliza nyama. Namtafuta baba yangu mdogo. Anaitwa Masanja, Msukuma wa Didia, ana gobore."

Petro alitazamana na mkewe. "Na leseni anayo?"

"Anayo. Kongoni mmoja na swala wawili."

"Hata idadi unaijua," alisema polepole, na uso wake ukafungwa kama dirisha. Kisha akasema wawindaji wote wamehamia upande wa Geita, kwenye machimbo, na kwamba kesho, Mungu akipenda, atanipeleka kwa baiskeli yake.

Ushirombo hadi machimbo

Wote mnajua baiskeli ya aina ile, nzito, yenye kerea pana ya chuma. Nilikaa kwenye kerea hiyo Alhamisi tangu kunapambazuka, miguu ikining'inia, daftari kwapani. Petro alikuwa na nguvu, lakini kila kijiji kilikuwa na Mkristo mwenye tatizo. Mmoja alitaka mtoto aandikishwe ubatizo. Mwingine hakuwa ameelewana na shemeji yake. Kwa kila mmoja tulishuka, tukakaribishwa togwa, tukasali. Kwenye nyumba ya nne nilimwambia Petro kwamba kuna mama atakufa.

"Ndiyo maana tunasali," alisema.

Machimbo yalikuwa uwanda uliotobolewa mashimo. Wanaume wenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope walikuwa wanapandisha mawe kwa kamba kutoka kwenye shimo refu wanaloliita duara, na wengine wanayatwanga kwenye vinu vya chuma. Tulipokaribia, mtu mmoja alipiga mluzi, na nusu ya watu wakapotea. Kwenye vibanda vya chakula, mama mmoja alifunika beseni lake kwa khanga haraka kana kwamba mle ndani mna mtoto.

Huyo ndiye Mama Zawadi, mnene, mwenye sauti ya kuvuka mto. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Ndiyo wewe Bibi Nyama?"

"Nani?"

"Tangu jana tunakungoja. Wametuambia kuna Bibi Nyama kaletwa kutoka Shinyanga, mdogo, mkali, anaandika majina. Kagua basi. Mimi nauza maharage."

Nilielewa yote mara moja, na nikaona aibu. Bwana Nyama ndilo jina wanalomwita ofisa wa wanyamapori, anayekagua leseni, anayehesabu mikia na kuchukua bunduki. Basi zima lilikuwa limeniona mimi ndiye ofisa huyo, kwa sababu ya daftari. Nilikuwa nimezunguka na kalamu yangu nikiwatia hofu watu wote ambao wangeweza kunisaidia, na kila jibu la uongo nililiandika vizuri kwa mwandiko wa kusomeka.

"Mama, mimi sina kazi yoyote bado," nilisema. "Mke wa baba yangu mdogo anaumwa."

"Wote husema hivyo. Mwaka juzi mmoja alisema anatafuta ng'ombe."

"Ana mimba ya miezi minane. Hawezi kwenda hospitali mpaka aletewe mkia."

Mama Zawadi aliacha mzaha. "Miguu imevimba?"

"Mpaka magotini."

"Ukibonyeza kwa kidole?"

"Shimo linabaki."

"Na macho?"

"Anaona nzi wasiokuwepo."

 Alifunua lile beseni, lilikuwa limejaa nyama ya kukausha, akachukua pande moja akalifunga kwenye jani la mgomba akanipa mkononi. Kisha akamgeukia katekista.

"Petro, wewe unajua walipo. Shemeji yako Mhoja yuko nao. Unamzungusha mtoto wa watu wa nini?"

Petro alitazama tairi la baiskeli yake. "Nilikuwa nalinda watu," alisema.

"Sasa linda na huyo aliyeko Didia. Nenda."

Yaani mtu aliyenilisha kisamvu, akanibeba nusu siku nzima na kunisalisha katika nyumba nne, alikuwa akijua tangu jana jioni mahali alipo Baba Mdogo, na alinipeleka upande mwingine makusudi.  Nilikaa kwenye kerea nikatafuna ile nyama.

Machimbo hadi kambini

Petro aliendesha kama mtu anayetubu. Tuliiacha barabara, tukashika njia ya kwato kati ya miombo, na mbung'o wakatupokea. Mbung'o huuma kupitia nguo. Niliwapiga kwa daftari, na naweza kusema hiyo ndiyo kazi ya maana pekee ambayo daftari lile lilifanya wiki ile. Petro alinieleza kwamba lori la magogo hupita barabara ya Kahama kila siku jua likianza kuinama, na nikilikosa itakuwa kesho yake jioni. Kwa hiyo tangu wakati huo nilikuwa natazama jua.

Tuliikuta kambi saa nane. Vibanda vitatu vya nyasi, uzio wa miiba, vichanja vya nyama juu ya moshi, na magobore manne yameegemezwa kwenye mti kwa mpangilio. Wanaume watano. Baba Mdogo nilimwona mara moja, ameketi chini ya kichanja, mguu wa kulia umefungwa vijiti na magome. Aliponiona alishtuka akataka kuinuka, na yule mkubwa wao, Mzee Lugata, akamshika bega akamrudisha chini.

"Shikamoo Baba Mdogo," nilisema nje ya uzio. "Mama Mdogo anaumwa."

"Kaa kwanza," alisema Mzee Lugata kwa Kiswahili cha mbali. "Anayetoka nyumbani kwa mwindaji hasemi habari amesimama. Kaa, upe bunduki mgongo, ule."

"Mzee, sina muda wa kula."

"Basi kaa usile."

Nilikaa. Wakaniletea ini la kuchoma na chumvi, na kila mtu akangoja. Baba Mdogo alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, ananitazama, na hakuna aliyeruhusiwa kusema mpaka nimeze tonge. Nilimeza. Ni ini tamu kuliko yote niliyowahi kula, na hilo nalo liliniudhi.

"Sasa," Mzee Lugata alisema, "mke wake alifanya nini?"

"Alifanya nini vipi?"

Alionyesha mguu. Siku nne kabla, Baba Mdogo akiwa ananyatia kongoni, alitumbukia kwenye shimo la muhanga, mguu ukapinduka. Hajapiga risasi hata moja tangu afike. Na wenzake walikuwa wamekwishaafikiana kwamba huko Didia mwanamke amelala nje.

Hapo nilisimama, adabu au siyo adabu. "Hajalala nje. Hajatoka hata kwenda hospitali. Mganga amesema atakufa, na bado amekaa kando ya ule moto wenu. Ameshika kila sharti, na mguu umeumia vilevile. Sasa sharti limefanya kazi gani?"

Walisikilizana, wakatafsiriana. Mzee Lugata akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaona," alisema. "Asingeshika, ingekuwa shingo."

Mnajua nilivyo. Nimebishana na maprofesa. Lakini jibu lile halina pa kulishika, ukilivuta huku linakuja lote. Nilikaa chini.

Baba Mdogo alikuwa hasikilizi ubishi wetu. "Macho yake?" aliniuliza. Nikamwambia. "Kichwa?" Nikamwambia. Limi alizaliwa hivyohivyo, alisema, na walikuwa karibu kumpoteza mama. Kabla hajaondoka Didia miguu ya mkewe ilikuwa mizuri. Akajaribu kukanyaga, jasho likamtoka usoni, akakaa. Baiskeli ilikuwa moja, ya mtu mmoja nyuma, na mguu ule usingestahimili kuning'inia. Kumbeba kwa machela mpaka barabarani kungechukua siku nzima na zaidi.

"Andika barua," nilimwambia. "Mwambie unamruhusu."

"Kabula, nikimruhusu mimi, nani ataiambia Didia nzima imsalimie?"

Juu ya kichanja, tena mbele ya macho yetu, palikuwa na kongoni aliyepigwa jana yake na Mhoja, yule shemeji wa Petro, kijana mrefu asiyesema sana. Kwao, anayetoa damu ya kwanza huchukua kichwa na mkia. Kichwa na mkia vilikuwa vimetundikwa pembeni, mkia mweusi wenye nywele ndefu.

"Si huo hapo," nilisema. "Nipeni huo. Mkia ni mkia. Nani atajua?"

 Baba Mdogo aliutazama mguu wake kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusema na Mhoja kwa Kisumbwa, ambacho mimi sikijui. Alisema kifupi. Mhoja alimtazama Mzee Lugata. Mzee Lugata akamuuliza Baba Mdogo kitu, naye akajibu neno moja. Nilidhani yamekwisha. Mzee akauliza tena, maneno yaleyale, nikayatambua kwa sauti. Baba Mdogo akajibu lilelile. Na mzee akauliza mara ya tatu.

Nilikuwa natazama jua. Lilikuwa limeshafika kwenye vilele vya miti, lori la magogo lilikuwa linakuja, na wazee watu wazima walikuwa wanaulizana swali moja mara tatu kwa sababu ya mkia wa mnyama aliyekufa. Nilimwambia Petro kwa sauti, ili wasikie, kwamba huku watu wanapenda maneno.

Baba Mdogo alijibu mara ya tatu. Mhoja akainuka, akautoa mkia, akaufunga kwenye jani, akampa yeye, siyo mimi. Baba Mdogo ndiye aliyenikabidhi.

"Mpe tu," alisema. "Akiuliza nani kapiga, sema ulikuta umeshakatwa."

"Unataka nidanganye?"

"Wewe si huamini?" alisema, na hapo tu ndipo alipotabasamu. "Basi uongo wako uko wapi?"

Kurudi

Lori la magogo tulilikuta limesimama linabadilisha tairi, la sivyo tungelikosa. Petro aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili, akaniomba nisiliandike jina lake. Nilimwambia kwamba mbele ya lile basi la Jumatano ningeweza kuandika jina la Papa na wangekana kumjua. Mpaka leo sijui kama alielewa.

Kutoka pale hadi Didia nilichukua siku moja na nusu, na sitawachosha. Springi ilikatika kabla ya Kahama. Mtu mmoja alikalia jani langu, nikampigia kelele, abiria wote wakaona namwonea. Mpaka Isaka hakukuwa na chakula ila ndizi moja. Jumamosi saa sita mchana nilishuka barabarani Didia, nikakimbia.

Mama Mdogo alikuwa kwenye kigoda kilekile. Uso nao ulikuwa umevimba sasa. Limi alikuwa amemkalisha akiegemea ukuta, na alinitazama kama mtu aliyekwisha kukata tamaa nami.

Niliweka jani mapajani pake. Alilifungua. Aliushika mkia, akaupitisha kati ya vidole, akaugeuza akautazama pale ulipokatwa.

"Yeye mzima?"

"Mguu umeteguka. Mzima."

"Alisema nini?"

"Alisema nikupe."

Alinitazama. Nilijiandaa na uongo wangu, nilikuwa nimeupanga njia nzima tangu Kahama, lakini hakuuliza nani kapiga. Alimwambia Limi autundike juu ya mlango, mahali ambapo kila anayepita atauona. Kisha akachukua kata ya maji mwenyewe, akaumwagia moto, akasubiri mpaka mvuke wote ukaisha.

"Nipe khanga yangu," alisema. "Lori lisitupite."

Walimpasua Shinyanga siku ileile. Mtoto alikuwa mdogo, wa kiume, walimweka kwenye pamba kama kifaranga, na mama alizimia mara mbili lakini akaamka. Daktari alisema siku moja zaidi asingekuwa na la kufanya. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa na hasira na kila mtu: Saidi, Petro, wale wanaume wa kambini na swali lao la mara tatu, wote walioacha kumsalimia mke wa Nkwabi, na mimi mwenyewe. Nilijiambia kwamba angalau nimethibitisha jambo moja. Mkia wa mtu mwingine ulifanya kazi sawasawa na mkia wa kweli. Kwa hiyo mkia si kitu.

Hitimisho hilo nilitembea nalo miaka kadhaa, na nililisimulia kwenye vyumba vya walimu, na watu walicheka.

Msimu uliofuata Baba Mdogo hakwenda porini, wala uliofuata huo. Gobore alilikabidhi serikalini. Aliyemuuliza alimwambia ni mguu, na mimi nilikuwa namwona akitembea nyuma ya plau kutwa nzima bila kuchechemea, nikaona ni uvivu wa uzee umeanza.

Nilikuja kukutana na Mhoja sokoni Kahama, ameanza kuota mvi, nikamtania kwamba wamempoteza mwindaji kwa sababu ya shimo la muhanga. Alinishangaa. Alisema mguu ule ulipona kabla hawajavunja kambi. Kwao, aliniambia, mtu akiomba mkia wa mnyama wa mwenzake, ameweka chini bunduki, hawindi tena mpaka anakufa, na ndiyo maana mzee humuuliza mara tatu kama anajua anachokiomba.